Kichwa Kilichonilalia

Watu wakisikia kwamba nilipata ajali ya lori miaka ile ya dhiki, kwanza huniuliza nilivunjika wapi. Sikuvunjika popote. Nilitoka na mkwaruzo kwenye kiwiko na jino moja lililolegea, nikalala hospitali siku nne, nikaruhusiwa. Aliyevunjika mguu ni dereva, na aliyekufa ni mama mmoja ambaye hakuna mtu mjini aliyemjua. Mimi nilibaki na maumivu ya kichwa tu, na maumivu hayo ndiyo nusura yaninyang'anye mtoto.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Singe, pale Babati, nimeolewa na fundi magari, tunakaa Bagara, tuna binti mmoja wa mwaka na nusu ambaye alikuwa bado ananyonya. Kwetu ni Singida, kwa hiyo ukweni nilikuwa mgeni hata baada ya miaka minne ya ndoa. Mgeni hujitetea kwa mdomo, na mdomo nilikuwa nao. Mume wangu alizoea kusema kwamba ningeweza kugombana na mvua.

Siku ile, Jumamosi, nilikwenda Magugu kutafuta mchele. Tulikuwa tumekula ugali wa unga wa njano wa msaada mpaka mtoto akiuona anageuza uso ukutani. Nilimwacha kwa mama mkwe wangu, kijijini Mutuka, nikaahidi kurudi kabla jua halijawa kali. Wakati wa kurudi nilipata lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, limebeba mpunga. Dereva alinipakia mbele kwa sababu mume wangu ndiye aliyekuwa akilitengeneza lori hilo. Hatua chache baadaye akasimama kumpakia mama mwingine, mtu wa makamo, amejifunga kaniki, ana kikapu mkononi. Alikaa dirishani, mimi nikawa katikati. Tulisalimiana, akasema anakwenda mjini kumwona mtu, na hatukuongea zaidi ya hapo.

Hatukufika mbali akaanza kusinzia. Kichwa chake kilikuja taratibu kikatua kwenye bega langu la kushoto, kisha kikasogea juu kikaegemea kichwa changu. Kilikuwa kizito ajabu, na nywele zilinukia moshi na samli. Mimi sijawahi kuwa mtu wa subira. Nilimsukuma kwa bega, akaamka, akasema, "Nisamehe, mwanangu," akalala tena. Nikamsukuma mara ya pili, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mara ya tatu nilikuwa nimejiandaa kumwambia neno baya, na neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni, breki zilipokataa.

Baadaye mume wangu aliniambia kwamba dereva alikuwa ametia maji ya sabuni kwenye breki kwa kukosa mafuta yake. Miaka ile si yeye peke yake aliyefanya hivyo. Nakumbuka nilivyokasirika pale kitandani hospitali: mji mzima tunaitafuta sabuni, wengine wanafulia majivu, kumbe ipo kwenye magurudumu ya malori. Nilicheka, na kucheka kukanifanya nitapike.

Lori lilianguka upande wa dereva. Yeye alijivuta akatokea kwenye kioo cha mbele. Mimi nilibanwa miguu, na yule mama akawa juu yangu, kichwa chake kimeegemea changu palepale kilipokuwa mwanzo. Alikuwa anapumua. Pumzi yake ilikuwa inaingia sikioni mwangu, nami nikamwita, "Mama, amka. Mama." Wakulima waliokuwa mashambani walichukua muda kutufikia, na katikati ya muda huo pumzi ilikoma. Nilidhani mtu akifa anakuwa mwepesi. Kile kichwa kilizidi kuwa kizito mpaka waliponitoa.

Alizikwa baada ya siku tatu na watu wa kanisa, maana hakuna ndugu aliyejitokeza. Habari za kunilalia sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nilikuwa naona aibu kwa sababu ya zile mara mbili nilizomsukuma kwa bega.

Niliporuhusiwa hospitali sikwenda kwangu Bagara. Nilikwenda moja kwa moja Mutuka kumchukua mtoto. Maziwa yalikuwa yamejaa siku nne, kifua kinauma kuliko kichwa, blauzi imelowa. Mama mkwe alinipokea kwenye mlango wa uzio.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pole. Simama hapo kwanza."

Alileta kigoda, akakiweka chini, akarudi nyuma, ndipo akaniambia nikae. Hakunipa mkono. Chai aliileta katika kopo la bati, akaliweka ardhini hatua mbili mbele yangu, nikaliinua mwenyewe. Nilipomaliza alilichukua kwa kijiti, akalitundika kwenye mti wa uzio, mbali na vyombo vingine.

Kwa watu wake, waliotoka milima ya Mbulu, mtu akifa mikononi mwako na damu yake ikakugusa, unakaa pembeni. Huli chombo kimoja na wenzako, hushikani mikono na mtu, hupiti zizini, humbebi mtoto. Wana neno lao la hali hiyo, wanaiita metimani. Majirani wengine walisema kwao mambo hayo ni ya wajane na waliopoteza mimba tu, lakini nyumba ya mama mkwe ilikuwa na sheria zake. Miezi ikitimia na mwili ukiwa mzima, unanyolewa, unaoga kijitoni, mnakunywa maziwa wote katika kibuyu kimoja, yamekwisha. Lakini hutoki pembeni ukiwa bado na maumivu ya siku ile. Ukitoka nayo, unayatia kwenye chombo, na atakayekunywa baada yako ndiye atakayeyabeba. Hayo niliambiwa waziwazi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

"Mama," nilimwambia, "wewe ni mzee wa kanisa. Huu si ushirikina?"

"Ushirikina ni kumtakia mtu mabaya," alijibu. "Hii ni adabu tu. Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Basi mtoto atakaa hapa kwanza."

Ndani, binti yangu alikuwa ameisikia sauti yangu na alikuwa analia. Nilisimama niingie. Mama mkwe hakunizuia kwa mkono, kwa kuwa hakutaka kunigusa. Alisimama tu mlangoni, mwanamke mfupi, mwembamba, akanitazama. Nilimtukana moyoni matusi yote ya Kinyaturu ninayoyajua, nikarudi nyuma. Njia nzima mpaka Bagara nilikuwa nakamua maziwa kwenye majani, nalia kwa hasira.

Nilitegemea mume wangu angekwenda kumchukua mtoto. Alikuwa mtu mwema, mpole, aliyemwogopa mama yake kuliko trafiki. "Vumilia," aliniambia. "Ni miezi michache. Kichwa kitapona." Kisha, bila kunitazama, akaniambia kwamba lori linakuja nyumbani.

Kufa kufaana. Spea zilikuwa hazipatikani, magari yamelala mji mzima kwa kukosa boliti moja, na huku kuna lori zima limebomoka. Mwenye lori alimwachia mume wangu kwa makubaliano kwamba amtengenezee gari lake jingine kwa spea za hilo. Likavutwa na trekta mpaka uani kwetu, likawekwa juu ya mawe, mlango wa dereva umebonyea ndani. Kuanzia asubuhi iliyofuata watu walikuja. Aliyetaka springi alizipeleka kwa mhunzi zikawa mapanga. Tairi zilikatwa viatu. Bati la bodi lilikuwa la bluu, na baada ya mwezi ukipita sokoni unaona majiko ya bluu na vibatari vya bluu. Wanafunzi wangu walivaa tairi zile kuja shuleni, na mimi nilisimama mbele yao kufundisha kuzidisha.

Mume wangu alilifungua lile lori kwa furaha, na sikumlaumu, kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inatulisha. Kosa lake lilikuwa kile kiti. Viti vya sebuleni tulikuwa navyo viwili vya mbao, kimoja kibovu, basi akang'oa kiti kirefu cha mbele, kile cha watu watatu, akakiosha damu, akakifunika kitambaa cha kufuma, akakiweka sebuleni kama kochi. Alidhani nitafurahi. Nilirudi kutoka kazini nikakikuta, na jirani yetu amekaa katikati, mahali pangu, anakunywa maji.

Sikukikalia hata siku moja. Lakini nilikuwa nakitazama. Jumapili, baada ya saa nane mchana, magari yalikuwa hayaruhusiwi barabarani kwa sababu ya shida ya petroli, na Babati yote ilinyamaza. Ulikuwa unasikia viboko ziwani kwa mbali, na mbuzi. Mume wangu akiwa amekwenda kutembea, mimi nilibaki na kile kiti mchana mweupe, jua linaingia dirishani. Upande wa kushoto, upande wa dirisha, sponji ilikuwa imebonyea. Niliigonga mara nyingi kwa mkono ikainuka. Nikitoka jikoni naikuta imebonyea tena. Mume wangu alisema sponji ikizeeka ndivyo ilivyo. Labda ndivyo.

Na kichwa. Wengine wakisema kichwa kinawauma wanazungumzia kitu kinachogonga. Changu hakikuanza kwa kugonga. Kilianza kwa joto juu ya sikio la kushoto, joto la ngozi ya mtu. Halafu harufu ya moshi na samli, hata darasani, hata kanisani. Halafu uzito. Shingo yangu ilikuwa inainama kushoto yenyewe, na nilikuwa naisikia ikiinama. Maumivu yalikuja mwisho, nyuma ya jicho, yakakaa saa nne au siku mbili, na mwanga wote ukavunjika vipande vipande mbele yangu. Kwa watu nilisema kinauma. Neno kizito nililiweka kwangu, kwa sababu niliogopa anayelisikia angeniuliza kizito cha nini.

Hospitali nilikwenda mara nne. Mganga alikuwa kijana mwenye huruma, hana kitu kabatini. Mara ya kwanza alinipa vidonge sita, mara ya pili viwili, mara ya tatu akaniambia nikipata mtu anayekwenda Arusha nimwagize. Kupiga picha ya kichwa haikuwezekana, filamu hakuna. "Umetikisika ubongo, mwalimu," alisema. "Utatulia wenyewe. Pumzika." Nikamuuliza mapumziko yanauzwa duka gani, akacheka, nami nikacheka, tukaishia hapo.

Siku moja darasani niliandika sentensi tano ubaoni, nikageuka. Darasa lote, watoto arobaini na kitu, walikuwa wameinamisha vichwa upande wa kushoto. Wote kwa pamoja, kimya, wananitazama. Nilishika meza. Nilijua sasa hivi nitapiga kelele na kukimbia, na kwamba nikikimbia sitarudi tena kazini. Kisha nikatazama ubao. Maandishi yangu yalikuwa yameshuka upande mmoja kama maji ya mfereji, na wale watoto maskini walikuwa wameinama ili waweze kuyasoma. Nikafuta nikaandika upya.

Kila Jumapili, baada ya ibada, nilitembea kwa miguu mpaka Mutuka kumwona mtoto wangu. Kumwona tu. Mimi nilikaa nje ya uzio, yeye ndani, amebebwa mgongoni na bibi yake. Wiki za kwanza alilia na kunyoosha mikono. Maziwa yalikauka mwezi wa pili, na alipoacha kulia ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli. Mama mkwe aliniuliza swali moja kila mara, akiwa amesimama mbali.

"Kichwa?"

"Bado, Mama."

"Bado hatujafika."

Kuna Jumapili moja alileta vigoda viwili. Kimoja aliniwekea mimi, cha pili akakiweka kushoto kwangu, karibu kabisa, kitupu.

"Hiki cha nani, Mama?"

"Kaa tu," alisema, na kichwa akakielekeza pembeni yangu. "Mgeni hasimamishwi."

Nilihisi nywele zimenisimama. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba yule mama alikaa upande gani. Nilitaka kumuuliza umeona nini, lakini binti yangu alikuwa mgongoni mwake anachezea hereni yake, na nilijua kila swali nitakaloliuliza litamsogeza mtoto mbali zaidi. Nikakaa. Tangu siku hiyo vilikuwa viwili daima. Jua lilikuwa linawaka, kuku wanachakura, na mimi nimekaa na kigoda kitupu ubavuni, tunatazamana na mtoto wangu kama watu waliokutana safarini.

Mwezi wa saba wa kukaa kwangu pembeni, binti yangu alianza kuongea vizuri. Nilifika, akanitazama, akamvuta bibi yake kaniki, akasema, "Mama, kuna mtu nje." Hapo mama alikuwa ni bibi. Mtu wa nje alikuwa mimi.

Mama mkwe alimrekebisha mara moja, nampa haki yake. "Siyo mimi. Mama ni yule." Mtoto akanitazama kwa adabu, akanipungia mkono, akarudi kwenye mchezo wake. Nilitembea kurudi Bagara siku hiyo na kichwa hakikuniuma hata kidogo. Kulikuwa na kitu kingine kilichoniuma, nacho kilitosha. Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu achague kati yangu na kile kiti, naye akaona usoni kwamba si utani. Siku ya pili akakipeleka kwa kinyozi wa sokoni. Lori lenyewe lilikuwa limekwisha, imebaki chesisi na doa la oili ardhini, na baada ya wiki mbili chesisi nayo ikaenda. Nilingoja nipone. Uani palikuwa peupe, sebuleni palikuwa peupe, na Jumapili iliyofuata saa tisa mchana joto lilikuja juu ya sikio langu kama kawaida.

Nikajua sitapona. Na nikajua kwamba anayesema kweli atakaa nje ya uzio mpaka binti yake aolewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilisema kilio kitakuja kwa wakati wake.

"Kichwa?" mama mkwe aliniuliza Jumapili ile.

"Hakiumi, Mama. Kabisa."

"Jumapili nyingine nitauliza tena."

Aliuliza Jumapili nne. Nilijibu hivyohivyo mara nne, na mara mbili kati ya hizo uzito ulikuwepo, jicho la kushoto linatoa machozi, namwona mama mkwe wawili wawili. Nilijifunza kushikilia shingo ikae wima. Nilijifunza kutabasamu kwa meno huku tumbo linataka kutapika. Mwalimu anajua kusimama mbele ya watu. Jumapili ya tano alileta kigoda kimoja.

Siku ya kutoka walikuja wanawake watatu wa ukoo. Walininyoa, wakanipeleka kijitoni nikaoga, nguo zangu zikaachwa zichukuliwe na maji. Baada ya yote hayo tukakaa uani, na mmoja wao, mkubwa kuliko wote, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taabu, pole pole, ili nisije nikasema sikuelewa: "Maumivu ya siku ile yamebaki?"

Kichwa kilichonyolewa kilikuwa uchi kwenye jua, na juu ya sikio la kushoto nilihisi nywele za mtu. Si joto tu. Nywele. Nilihisi kila unywele.

"Hayapo," nilisema.

Nikapewa kibuyu nikanywa. Kikaenda kwa mume wangu, aliyesimama ananitazama kwa furaha, akagusisha midomo tu kwa sababu hapendi maziwa ya mgando. Kikafika kwa binti yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilitazama vile vidole vidogo vinavyokishika kibuyu pande zote mbili, na nikajiambia mimi ni msomi, mimi ni Mkristo, maziwa ni maziwa. Alikunywa sana, alikuwa na kiu. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo akaletwa mapajani mwangu, baada ya miezi tisa, ananukia samli waliyompaka, nami nikamkumbatia mpaka akalalamika.

Tulirudi naye Bagara. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tena, nasema ukweli. Alilala katikati yetu, alinifuata mpaka chooni, wiki ya tatu akaanza kuniita Mama bila kukumbushwa. Na maumivu yakawa yanapungua. Kutoka kila wiki yakawa kila mwezi, na mwaka haukuisha yakakoma. Mganga wa hospitali aliposikia alisema, "Si nilikwambia, mwalimu? Ubongo umetulia." Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Nilitaka sana kukubaliana naye.

Alipokaribia miaka minne, nilimwona kwenye kizingiti cha jikoni anachambua maharage. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kushoto. Nikamwambia akae vizuri. Akakaa vizuri, kisha kikainama tena, taratibu, bila yeye kujua.

"Shingo inauma?"

"Hapana," alisema. "Kichwa kizito."

Niliacha nilichokuwa nafanya. Hakuna mtu duniani niliyewahi kumwambia neno hilo. Watoto wana vichwa vikubwa kuliko shingo zao, nilijiambia, na watoto huiga wazazi, labda alikuwa ananiona zamani nikiinama kule nje ya uzio. Nilimpeleka hospitali. Hakuwa na homa, hakuwa na malaria, masikio mazima. Lakini ikarudi, na ikarudi tena, mara nyingi mchana wa Jumapili, na siku moja aliniuliza kwa nini jikoni kunanukia samli wakati miezi mitatu hatukuwa tumeiona samli.

Nilifikiria kwenda Mutuka, kupiga magoti, kusema nilidanganya. Nililifikiria kila siku. Na kila siku nilikiona kigoda kikiwekwa nje ya uzio, safari hii kwa ajili yake, au yeye akiwekwa ndani na mimi nje, sikujua ingekuwa vipi, ila nilijua tutatenganishwa. Sikuweza. Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikiliandika mkono unasita. Nilimkalisha mwanangu mbele yangu kama ninavyowakalisha wanafunzi, nikamfundisha.

"Bibi akikuuliza kichwa, unasemaje?"

"Kizito."

"Hapana. Unasema, hakiumi. Sema."

"Hakiumi."

"Na shingo hivi. Wima. Na ucheke kidogo."

Alikuwa mwepesi wa kushika. Siku mbili zilitosha.

Mama mkwe alikuja Jumapili iliyofuata, kwa miguu kutoka Mutuka, na vumbi mpaka magotini. Tulikuwa sebuleni, mtoto anakunywa uji katika kikombe chake. Midomo ilikuwa imempauka tangu asubuhi, na mimi nilijua. Bibi yake alimwita, akamsimamisha katikati ya magoti, akamwekea kiganja kichwani, upande wa kushoto, akakiacha hapo.

"Kichwa?"

Mtoto alinyoosha shingo, akacheka kidogo. "Hakiumi, Bibi. Kabisa."

Neno la mwisho sikuwa nimemfundisha. Mama mkwe hakuondoa kiganja. Aliinua macho akanitazama mimi, akaendelea kunitazama, na sikuona hasira machoni mwake. Kisha akachukua kile kikombe mkononi mwa mtoto, kikiwa na uji nusu. Mwanamke yule, aliyelichukua kopo langu kwa kijiti, alijua sheria ya chombo kuliko mtu yeyote aliyekuwa chini ya paa lile. Nilijua neno moja tu lingemzuia, na nilijua baada ya neno hilo angeondoka na mtoto jioni ileile. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Akanywa uji wote, bila haraka, mpaka chini, akanirudishia kikombe.